Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mpiga kura wa Mombasa: dirisha gani linamsikiliza?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ni huduma ambayo kila mkazi wa Mombasa anailipia, awe anajua au hajui. Makao yake ni Arusha, karibu kilomita 400 kutoka hapa kwa njia ya Voi na Taveta, kwa hiyo kwa barabara iko karibu kuliko Nairobi. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Jumuiya inasema sheria na vyombo vyake vinatangulia vya nchi wanachama katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba huo. Chombo chenye nguvu hizo lazima kiulizwe maswali yale yale tunayowauliza gavana na mbunge. Nani anaamua? Mwananchi anapata habari kabla ya uamuzi au baada yake? Aliyeamua vibaya anaweza kuondolewa? Na aliyedhulumiwa ana pa kwenda? Tumepita dirisha moja moja na kutoa alama kati ya 10.

Baraza la Mawaziri na ushuru wa forodha: 2

Tuanze panapouma mfukoni. Kontena likishushwa Kilindini, wakala wa forodha hukupa hesabu yenye mistari kadhaa. VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uingizaji bidhaa na tozo ya maendeleo ya reli zote zimetungiwa sheria Nairobi, na mbunge wako alikuwa na kura juu yake. Mstari wa ushuru wa forodha una asili nyingine. Kiwango chake kinatoka kwenye ushuru wa pamoja wa Jumuiya ulioanza kutumika Januari 2005, na mwenye mamlaka ya kuubadilisha ni Baraza la Mawaziri la Jumuiya, kwa Ibara ya 12 ya Itifaki ya Umoja wa Forodha. Badiliko hilo halipigiwi kura na Bunge la Kitaifa wala na Bunge la Afrika Mashariki.

Mfano mzuri ulitokea hapa hapa mjini. Tarehe 5 Mei 2022, mawaziri wa biashara na fedha wa Jumuiya walikutana Mombasa na kukubaliana kuongeza daraja la nne la ushuru, asilimia 35, juu ya madaraja ya 0, 10 na 25 yaliyokuwapo. Lilianza kutumika 1 Julai 2022. Humo mna fanicha, mafuta ya kupikia, nguo, bidhaa za ngozi, bidhaa za chuma, vigae, rangi na vingine vingi. Chukua mzigo wa fanicha wenye thamani ya shilingi milioni 1, ukihesabu bei, bima na nauli ya meli hadi bandarini. Kwa asilimia 25 ushuru ni 250,000. Kwa 35 ni 350,000. Na kwa kuwa VAT inatozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, ile laki moja iliyoongezeka inazaa 16,000 nyingine. Yaani shilingi 116,000 zaidi kwa kila milioni, kwa uamuzi uliofanywa miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu wa 9 Agosti, na hapakuwa na karatasi ya kura ambayo mkazi wa Changamwe au Likoni angeitumia kusema anautaka au hautaki.

Huenda uamuzi wenyewe ulikuwa na sababu nzuri. Viwanda vya ndani vinahitaji kulindwa, na kuna mafundi seremala Mombasa waliofurahi. Tunacholalamikia ni njia iliyotumika. Mswada wa Fedha wa 2024 ulichapishwa, ukasomwa, ukapingwa barabarani hadi hapa Mombasa, na Rais akakataa kuutia saini tarehe 26 Juni. Badiliko la ushuru wa forodha lenye uzito sawa na huo halina siku ya kusomwa mara ya pili, na halina kamati ya kusikiliza maoni ya wananchi wala mbunge wa kupigiwa simu usiku wa kuamkia kura.

Kuna mlango mdogo unaoitwa kusitisha matumizi ya kiwango. Nchi inaomba isamehewe kiwango cha pamoja kwa mwaka mmoja, na orodha nzima huchapishwa katika Gazeti la Jumuiya mwishoni mwa Juni ianze kazi 1 Julai. Mchele ndio mfano unaojulikana zaidi: kiwango cha pamoja ni asilimia 75, lakini kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiomba itoze 35. Kwa hiyo bei ya mchele wa nje sokoni Kongowea inategemea barua ambayo Hazina ya Kitaifa huandika kila mwaka. Ikisahaulika au ikikataliwa, ushuru unaruka zaidi ya mara mbili, na hakuna aliyechaguliwa ambaye atakuwa amepiga kura.

Wanaoumia zaidi ni waagizaji wadogo. Mtu anaagiza mzigo Aprili, meli inakuwa baharini Juni, gazeti linatoka siku ya mwisho ya mwezi. Kiwango kinachohesabika ni kile kinachotumika siku bidhaa zinapoingizwa rasmi kwa matumizi ya ndani, si cha siku ulipolipa muuzaji. Agizo la zamani halikulindi.

Anayetaka kusikika afanye hivi. Apeleke pendekezo Hazina ya Kitaifa mapema, kabla mawaziri wa fedha hawajakaa kwa mashauriano yao ya bajeti, ambayo kwa kawaida hufika Mei. Pendekezo liwe na nambari ya ushuru ya bidhaa yenye tarakimu 8, kiwango cha sasa, kiwango kinachoombwa, na maelezo kama bidhaa inatengenezwa Afrika Mashariki na kwa kiasi gani. Barua inayosema tu kwamba ushuru ni mkubwa haiwezi kufanyiwa kazi, kwa sababu jedwali linapangwa kwa nambari. Vyama vya watengenezaji bidhaa wana watu wa kazi hiyo mwaka mzima. Wachuuzi hawana, na hilo linaonekana kwenye jedwali.

Mkutano wa Wakuu wa Nchi: 2

Ni marais, na marais wamechaguliwa, hivyo kwa haraka mtu angewapa alama nyingi. Shida ni kwamba maamuzi yao hupitishwa kwa maafikiano. Hakuna hesabu ya kura, kwa hiyo hakuna kumbukumbu ya nani alisimama upande gani. Rais anarudi nyumbani na taarifa ya pamoja, na mpiga kura hawezi kujua kama alitetea soko lake au alinyamaza.

Mitumba ilionyesha hili waziwazi. Machi 2016, Wakuu wa Nchi walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba katika ukanda huu kwa hatua, ndani ya miaka mitatu. Kongowea ni miongoni mwa masoko makubwa ya mitumba katika pwani yote. Kuna waagizaji, wapokeaji wa marobota, wapasi, mafundi wa kupunguza nguo, wabeba mizigo. Walisoma habari hiyo magazetini. Mwaka uliofuata Marekani ilianza kuchunguza kama nchi hizi zinastahili kuendelea kufaidika na AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na Kenya ikajiondoa katika mpango wa kuzuia mitumba. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 ikasimamishiwa manufaa ya AGOA kwa nguo. Ukitazama mwanzo hadi mwisho, mwenye kibanda Kongowea aliokolewa na shinikizo kutoka Washington. Mtu wa kumwajibisha kwa uamuzi wa kwanza hakuwa naye, na wa kumshukuru kwa uamuzi wa pili hakuwa naye pia.

Marais hao ndio wanaomteua Katibu Mkuu, kwa zamu ya nchi na kwa kipindi cha miaka mitano. Mwaka 2024 Kenya ilimwondoa Peter Mathuki kabla ya miaka hiyo kutimia na nafasi yake ikachukuliwa na Veronica Nduva. Ofisi inayohudumia nchi nane ilibadilishwa kwa hatua ya serikali moja.

Bunge la Afrika Mashariki: 4

Kila nchi ina viti 9. Ibara ya 50 ya Mkataba inasema wabunge hao wanachaguliwa na Bunge la nchi, wasiwe miongoni mwa wabunge wake, na wawakilishe kadiri inavyowezekana vyama, mitazamo mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Kwa Kenya wapiga kura ni wajumbe wa Bunge la Kitaifa, 349, na maseneta 67, jumla 416 bila Maspika. Mombasa ina wabunge sita wa maeneobunge, mwakilishi wa wanawake mmoja na seneta mmoja: kura 8 kati ya 416. Zaidi ya wapiga kura laki sita wa kaunti hii wanawakilishwa katika uchaguzi huo na watu wanane, na hata hao huchagua kutoka kwenye majina ambayo vyama vimeshayachuja.

Katika uchaguzi wa 17 Novemba 2022, viti vilikwenda 5 kwa muungano wa serikali na 4 kwa upinzani. Miongoni mwa waliochaguliwa wamo wawili wanaojulikana vizuri Mombasa: Hassan Omar Hassan, aliyekuwa seneta wa kaunti, na Suleiman Shahbal. Wote wawili walikuwa kwenye karatasi ya ugavana wa Mombasa mwaka 2017, na mwananchi wa kawaida aliwapigia au akawanyima kura. Kwa kiti cha Arusha hakuulizwa. Hatusemi hawafai, Mombasa kupata sauti mbili kati ya tisa ni jambo jema. Tunasema hata wakifanya kazi nzuri sana, mkazi wa Kisauni hana namna ya kuwaongezea muda, na wakilala hana namna ya kuwaondoa. Muda wao ni miaka mitano, unaoweza kurudiwa mara moja, na anayeamua ni chama na Bunge la Nairobi. Mtu hujibu kwa anayemrudisha kazini.

Bunge lenyewe linafanya kazi halisi, na anayelibeza hajapita mizani ya Mariakani. Kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake kinatoka kwenye sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004, inayotawala karibu kila hatua ya mzigo bandarini, ni kazi ya Bunge hilo. Linajadili na kupitisha bajeti, linapokea ripoti za ukaguzi wa hesabu na linauliza mawaziri maswali.

Udhaifu uko katika ibara mbili. Ya 59 inamzuia mbunge kuleta mswada wa binafsi unaotumia fedha za Jumuiya, na karibu kila jambo la maana linagharimu fedha. Ya 63 inasema mswada usioidhinishwa na Wakuu wa Nchi ndani ya miezi mitatu unarudishwa bungeni pamoja na sababu. Wabunge wakiupitisha tena, unapelekwa mara ya pili, na hapo Mkuu wa Nchi mmoja tu akikataa, mswada umekufa. Hakuna theluthi mbili ya kumshinda. Juu ya hayo, nchi zinapochelewesha michango, vikao huahirishwa kwa kukosa fedha. Serikali inayotaka Bunge linyamaze haihitaji kulivunja.

Wanaotetea mpangilio huu husema uchaguzi wa moja kwa moja ni ghali na Jumuiya ni changa. Ulaya ilipitia hapo hapo. Bunge la Ulaya lilikuwa la wabunge walioteuliwa na mabunge ya nchi hadi 1979, wananchi walipoanza kulichagua wenyewe. Leo lina viti 720, na Machi 1999 Kamisheni nzima ya Jacques Santer ilijiuzulu kwa kuhofia kura ya Bunge hilo. Raia milioni 1 kutoka angalau nchi 7 wanaweza kuitaka Kamisheni ilete pendekezo la sheria. Lakini kura ya moja kwa moja haikutibu kila kitu: waliojitokeza walishuka kutoka karibu asilimia 62 mwaka 1979 hadi chini ya 43 mwaka 2014, na hadi sasa Bunge hilo haliwezi kuanzisha mswada lenyewe. Mwaka 2019 Ursula von der Leyen alipata urais wa Kamisheni ilhali hakuwa mgombea mkuu wa kundi lolote katika kampeni za uchaguzi huo. Funzo kwa Arusha ni kwamba uchaguzi uende pamoja na mamlaka. Kumpanga Mmombasa foleni kumchagua mbunge ambaye mswada wake unafutwa na mtu mmoja kungemchosha tu.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki: 7

Hapa ndipo Jumuiya inastahili sifa. Ibara ya 30 inamruhusu mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama kuipeleka serikali yoyote ya Jumuiya, au chombo cha Jumuiya chenyewe, mbele ya majaji kuuliza kama sheria, uamuzi au kitendo fulani kinakiuka Mkataba. Huhitaji kuwa mwanasheria wala kumaliza kwanza mahakama za Kenya. Huhitaji hata kuthibitisha kwamba wewe binafsi ndiwe uliyeumizwa.

Nguvu hiyo ilionekana Novemba 2006. Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake kumi walilalamika kwamba majina tisa ya Kenya kwa Bunge la Afrika Mashariki yalipangwa na kamati ya Bunge la Nairobi bila kura yoyote. Mahakama ilizuia wasiapishwe, na 30 Machi 2007 ikaamua kwamba hicho hakikuwa uchaguzi kwa maana ya Ibara ya 50. Kenya ililazimika kuandika kanuni mpya. Kura iliyopigwa mwaka 2022 ni mjukuu wa shauri hilo.

Marais hawakufurahi. Katikati ya Desemba 2006, kesi ikiwa bado mahakamani, walitia saini marekebisho ya Mkataba: wakaigawa Mahakama sehemu mbili, ya mwanzo na ya rufaa, wakaongeza sababu za kuwasimamisha majaji, na wakaweka muda wa miezi miwili wa kufungua shauri. Chama cha mawakili cha Afrika Mashariki kilishtaki, na Agosti 2007 Mahakama ikasema wananchi hawakushirikishwa na kanuni za Mkataba zilivunjwa, lakini haikuyafuta marekebisho. Alama tatu tulizopunguza ni za hapo.

Miezi miwili hiyo ndiyo inayoua mashauri mengi. Inahesabiwa tangu siku ya kitendo, au siku mlalamikaji alipokijua, na Mahakama haina ruhusa ya kuiongeza. Hoja ya kwamba ukiukaji unaendelea kila siku ilikataliwa katika rufaa ya Kenya dhidi ya IMLU, shirika linalotetea waathiriwa wa mateso, Machi 2012. Anayesubiri majibu ya wizara kwanza, barua ikijibiwa mwezi wa tatu, ameshachelewa. Fungua shauri, kisha endelea na barua.

Kosa la pili ni kuliandika shauri kama la haki za binadamu peke yake. Kwa Ibara ya 27, mamlaka hayo yanasubiri itifaki ambayo nchi hazijaikamilisha. Shauri lisimame juu ya Ibara ya 6(d) na 7(2): utawala bora, utawala wa sheria, uwajibikaji. Majaji walikubali njia hiyo katika kesi ya Katabazi dhidi ya Uganda mwaka 2007, na wameifuata tangu hapo.

Msajili yuko Arusha na ofisi ndogo ya Kenya iko Nairobi. Mombasa hakuna, jambo ambalo mji wenye bandari hii unastahili kulidai. Hukumu ya fedha inatekelezwa kwa taratibu za mahakama za nchi husika. Hukumu ya kuamuru serikali ifanye au iache jambo inategemea serikali yenyewe kutii. Hata hivyo Juni 2014 shirika la kutetea wanyama lenye makao Nairobi lilipata amri ya kuizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza Serengeti. Raia wa nchi moja kuizuia serikali ya nchi nyingine kwa karatasi ni huduma adimu popote duniani.

Kwa mgogoro wa kawaida wa ushuru usiende Arusha. Kifungu cha 229 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha kinakupa siku 30 kuomba Kamishna apitie upya uamuzi wake. Naye ana siku 30 za kujibu, na asipokujibu ndani ya muda huo, ombi lako linahesabika limekubaliwa. Ukikataliwa, una siku 45 za kwenda kwenye baraza la rufaa za kodi. Hifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila hiyo, kifungu hiki kizuri hakikusaidii kitu.

Majirani wawili

Mamlaka ya Uratibu wa Usafiri ya Ukanda wa Kaskazini iko hapa Mombasa, upande wa Nyali, na inaunganisha nchi sita zinazotumia bandari yetu. Haina bunge na haichaguliwi, ila inachapisha takwimu za muda wa mizigo bandarini na barabarani, na Hati ya Jumuiya ya Bandari ya Mombasa iliyosainiwa Juni 2014 iliweka ahadi kwa kila taasisi na muda wake. Uwazi huo tunaupa 5. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo iko Arusha, lakini Mkenya haingii moja kwa moja, kwa sababu Kenya haijaweka tamko linalohitajika. Tanzania ilikuwa nalo ikaliondoa mwaka 2019.

Kama utaitumia wiki hii

Gazeti la Jumuiya na kumbukumbu nyingi bado zinatoka kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi mwaka 2021. Njia iliyo wazi kwa Kiswahili ni ombi kwa Bunge la Kenya, chini ya sheria ya maombi ya 2012. Liandike kwa mkono au kwa kompyuta, kwa lugha ya heshima. Eleza umeshakwenda wapi na ulijibiwa nini, sema kama suala liko mahakamani, taja unachotaka Bunge lifanye, kisha weka majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba. Omba lipelekwe kwenye kamati ya Bunge la Kitaifa inayoshughulikia utangamano wa kikanda, kwa kuwa ndiyo inayoweza kumwita waziri wa Jumuiya aeleze alichokubali Arusha. Mpe mbunge wako nakala, na umuulize kwa maandishi alimpigia nani kura tarehe 17 Novemba 2022 na kwa nini.